Kisahani Kisichoota Kitu

Jumatatu, 4 Machi

Nimeshamwambia dada kuwa nimepata nafasi ya mafunzo ya vitendo katika maabara ya hospitali kuu. Sijaipata. Dada ni muuguzi wa hospitali hiyohiyo, kwa hiyo kufikia saa hii wodi nzima inajua.

Sikukusudia. Alipiga simu mchana kuuliza habari za masomo, nikasema nzuri. Akauliza lini nitaanza kushika kazi za watu wazima. Ulimi ukateleza. Nikamsikia analia kwa furaha. Sasa utamkatizaje dada aliyekulea, analia kwa furaha, umweleze kwamba nafasi ni moja tu na inatakiwa na darasa zima la mwaka wa tatu? Nikajikausha. Nikasema asante dada.

Nyumbani hakuna anayejua ninachosoma. Sayansi ya Biomedikali! Mama hulitamka jina hilo polepole, kama mtu anayevuka matope. Mjomba hunitumia picha za goti lake. Nimewaeleza mara nyingi kwamba daktari anamtazama mgonjwa, sisi tunatazama damu yake, mkojo wake na makohozi yake, na bila sisi daktari anabahatisha tu. Mjomba akasema sawa, amenielewa, lakini goti je? Dada peke yake ndiye anayeelewa. Anaona kila siku majibu yakishuka kutoka maabara na watu wakipona kwa sababu ya karatasi hizo.

Nafasi nyingine zilizopo: benki ya damu, kiwanda cha maziwa, kampuni ya kuuza mashine za maabara, na Mabwawa. Mabwawa ni maabara ya maji taka, nje kabisa ya mji. Kila mwaka mmoja wetu hupelekwa huko, na akirudi hapendi kuulizwa.

Jumatano, 6 Machi

Mkufunzi wetu wa maabara, ambaye tukiwa wenyewe tunamwita Mama Vijidudu, ametangaza jinsi atakavyochagua wa kwenda hospitali. Kesho kila mtu atapewa visahani viwili vyenye jeli ya kuoteshea bakteria. Cha kwanza unabonyeza vidole kabla ya kunawa. Cha pili, baada ya kunawa. Vinalala kwenye kabati la joto, keshokutwa tunatazama kilichoota. Akasema anatafuta mtu ambaye kazi yake itaaminika hata kama hakuna anayemwangalia.

Nimefikiri sana juu ya maneno hayo. Nimeyaelewa. Anatafuta mtu msafi.

Mpinzani wangu ni mmoja tu, na kwa bahati mbaya nalala naye chumba kimoja. Kifutio. Tulimpa jina hilo kwa sababu kila kipindi kikiisha yeye ndiye huinuka kumfutia mwalimu ubao, bila kutumwa. Mtu wa namna hiyo unamshindaje kwa njia ya haki? Nimejaribu kuifikiria njia ya haki kwa muda. Haipo.

Alhamisi, 7 Machi

Nimetekeleza.

Asubuhi nimelowesha mikono kwenye dawa ya kusafishia choo. Kisha spiriti hadi kwenye viwiko. Ngozi inawaka na kidole gumba kimeanza kubambuka. Si kitu. Dada analilia furaha yake, na mimi nitalilia kidole?

Halafu Kifutio. Kabla hatujaingia maabara nimepangusa kiganja kimoja kwenye soli ya kiatu changu, chini kabisa, pale pembeni panaposhika kila kitu. Nikamfuata kwenye korido, nikampa mkono, nikamtakia heri. Akaushika kwa mikono yake miwili! Akasema tangu tuanze kukaa pamoja hajawahi kunisikia nikimtakia heri, na kwamba amefurahi sana. Nimeona haya. Nimeona haya hadi mlangoni, nikaenda kujipaka spiriti upya.

Ndani, Mama Vijidudu alipotupa mgongo, wasiwasi ukanipanda. Vipi kama kumebaki kidudu kimoja? Kwenye meza kuna chupa ya klorini ya kufutia meza, ileile dawa wanayotilia maji ya bomba. Nikadondoshea matone machache kwenye visahani vyote viwili. Nikafunika. Nikatulia kama si mimi.

Ijumaa, 8 Machi

Uso wangu niuweke wapi?

Visahani vimepangwa kwenye meza ndefu. Vya wenzangu vimejaa madoa, meupe, ya njano, ya rangi ya maziwa yaliyoharibika, na kila doa ni ukoo mzima wa bakteria. Vyangu viwili havina kitu. Jeli inang'aa kama ilivyotoka kumiminwa. Nilitabasamu! Nilitabasamu na kutazama huku na huku, nione kama wengine wameona.

Mama Vijidudu akainua kisahani changu cha kwanza, kile cha kabla ya kunawa. Akakielekeza kwenye taa. Akauliza cha nani. Nikajitaja kwa sauti. Akaniuliza kama ninajisikia vizuri. Nikasema vizuri sana. Akasema anauliza kwa sababu ngozi ya kila aliye hai ina bakteria, na hata maiti anao wa kutosha, kwa hiyo angependa kujua mwenye vidole hivi ni kiumbe gani.

Nikajibu kwamba kwetu tunasisitiza usafi.

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alifungua kifuniko, akanusa. Akanitazama, akanusa tena. Nilitamani ardhi ipasuke. Angenifokea ningepona, lakini alisema kwa upole kabisa kwamba uchafu haumtishi, uchafu ndiyo kazi yetu. Kinachomtisha ni jibu safi la uongo, kwa sababu jibu hilo likifika wodini, kuna muuguzi atalisoma na kuliamini na kumwambia mgonjwa aende nyumbani.

Muuguzi! Kati ya watu wote duniani, ilibidi ataje muuguzi.

Kisha akanipa kisahani kipya, nibonyeze vidole palepale mbele ya wote. Bahati mbaya nilikuwa nimeshajipangusa jasho, nimejikuna kichwa, na nadhani nimegusa pua.

Kuhusu Kifutio: kisahani chake cha kwanza kimeota msitu. Cha pili, baada ya kunawa, kina vidoa viwili vitatu tu. Mama Vijidudu akasema katika miaka yake yote ya kufundisha hajaona tofauti iliyo wazi namna ile. Akamuuliza alikuwa ameshika nini. Kifutio akafikiri, akasema hakushika kitu cha ajabu, alipeana mkono na rafiki tu.

Rafiki. Alisema rafiki, na amepewa hospitali. Mimi nimepewa Mabwawa.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya wageni chuoni. Nilimwambia dada asije, barabara ni mbaya. Amekuja. Amekuja na koti jeupe la maabara, jipya, alilomshonesha fundi wa karibu na kwake, jina langu limedariziwa mfukoni kwa uzi wa buluu. Alinivisha mbele za watu. Akanizungusha. Akasema mabega yamekaa.

Sikuwa nimemwambia chochote. Nilikuwa napanga kumwambia baadaye, pengine mwezi wa sita.

Visahani viko ukumbini, wageni wavione. Kisahani changu kipya kimewekwa mlangoni peke yake. Kimeota uji wa njano toka ukingo hadi ukingo, na chini yake pameandikwa jina langu. Nikampitisha dada mlangoni haraka huku nikimwonyesha dari. Ndani akauliza vyangu ni vipi. Mkono wangu, nauapia, ulikwenda wenyewe. Ukaonyesha visahani vya Kifutio, na kiwiko kikaziba jina.

Dada akainama. Alivitazama kwa muda mrefu, kwa jicho la kazi. Akasema hiki ndicho anachowaambia wauguzi wapya kila siku, naweni mikono, na hawasikii, na sasa atawaambia mdogo wake ameithibitisha. Akanishika shavu.

Kifutio alikuwa amesimama hapohapo! Hatua mbili! Alinitazama. Nikamtazama. Nikangoja afungue mdomo. Akamwamkia dada shikamoo, akajitambulisha kuwa analala na mimi chumba kimoja, akasema mimi ni mtu wa bidii sana. Basi. Hakunitaja kwa lolote. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia dakika ile, na sijawahi kujichukia mimi vile pia.

Halafu Mama Vijidudu akaja kusalimia. Akamuuliza dada kama ndiye ndugu wa yule wa mlangoni. Dada akauliza mlangoni wapi. Mkufunzi aliposikia kuwa dada ni muuguzi wa hospitali kuu akafurahi, akamvuta Kifutio, akasema basi ampokee vizuri kijana huyu, anaanza kwao Jumatatu.

Dada akaitikia kwamba atampokea. Akaenda mlangoni, akasoma jina langu chini ya ule uji wa njano. Akasimama pale. Mimi nimevaa koti.

Hakunifokea. Aliniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akatoka, akaninunulia chakula, akakaa mbele yangu kunitazama nikila. Nikaanza kulivua koti ili alirudishe. Akanirudishia begani, akasema hata maji taka hayaendewi bila koti.

Jumapili, 10 Machi

Dada amepiga simu. Anaongea chinichini, amejificha kwenye chumba cha mashuka.

Wodini wameanza kumuuliza. Wamemwona muuguzi mkuu akipanga ratiba ya wanafunzi na jina langu halimo. Akadanganya. Dada yangu! Dada anayerudi dukani kwa sababu amerudishiwa chenji iliyozidi! Amemwambia mmoja kuwa nimeumia mguu. Mwingine amemwambia tumbo. Wawili hao wamekutana kwenye chai, na sasa wauguzi wanachangishana wakanitazame. Akaniuliza afanyeje. Ile sauti sijawahi kuisikia kwake. Ilikuwa sauti yangu mimi.

Nimeumia. Nilikaa kitandani na simu sikioni, nikajua kabisa la kumwambia. Nimwambie waambie kweli, dada. Waambie mdogo wangu ni mwongo, aliharibu kazi yake kwa mikono yake, mimi sina kosa. Nilifungua mdomo kusema hivyo.

Nikamshauri achague ugonjwa mmoja tu. Nikapendekeza mgongo, kwa sababu mgongo hauonekani.

Nikadhani simu imekatika. Kisha ikakatika kweli.

Jumatatu, 11 Machi

Kifutio ameondoka alfajiri kwenda hospitali. Alinipa mkono. Nilitaka kumwambia kuhusu soli ya kiatu. Badala yake nikamwambia asisahau taulo.

Mabwawa ni kama jina lake. Mabwawa matatu yamefuatana, na maabara ndogo yenye feni moja. Mkuu wa hapa ni mama mmoja mkavu, mwenye buti za mpira hadi magotini. Alinieleza kazi vizuri kuliko nilivyotarajia. Maji machafu ya mji mzima yanaingia bwawa la kwanza, yanatulia, yanakwenda la pili, halafu la tatu, na kila hatua bakteria wanapungua. Ya bwawa la tatu yanaingia mtoni. Chini huko kuna watu wanaoyatumia, ndiyo maana tunapima kila siku. Halafu akasema neno lililonifufua: mwanafunzi akifanya kazi nzuri hapa, yeye mwenyewe humwombea hospitali kuu muhula unaofuata. Kuna waliokwenda.

Hospitali kuu! Dada atainua uso!

Akanipa chupa tatu, moja kwa kila bwawa. La kwanza liko mlangoni. La tatu liko huko mbali, jua linachoma, na njia ni matope hadi kwenye pindo la koti la dada. Nikasimama nikatafakari kama mwanasayansi. Yule mimi wa zamani angefanya ujinga, angeleta chupa zisizo na bakteria hata mmoja. Mimi nimeshajifunza. Kosa langu lilikuwa kuzidisha usafi.

Kwa hiyo chupa zote nimejaza bwawa la kwanza. Ya kwanza nimeiacha ilivyo. Ya pili nimeongeza maji ya bomba kiasi. Ya tatu nimeongeza mengi. Kila moja safi kuliko iliyotangulia, lakini hakuna iliyo tupu. Maji ya bomba ya hapa ni mazuri mno, yana harufu kali ya klorini, kama ile chupa ya chuoni, unaisikia kabla hujafungua vizuri, kwa hiyo ya pili nayo nikaiongeza kidogo. Nimedondoshea maji ya kila chupa kwenye kisahani chake, na visahani viko kwenye kabati la joto. Mkuu atavitazama kesho asubuhi mwenyewe.

Nimeshamwambia dada awaambie wodini kuwa mgongo umepona.