Ombi la Taa Ng'ambo ya Daraja

Kwa Uongozi,
Kampuni iliyotengeneza gemu la mpelelezi mwenye koti refu.

KUHUSU: GIZA LILILOPITA KIASI KATIKA MJI WENU

Waheshimiwa,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, katika ofisi yenye mwanga wa kutosha.

Mimi ni fundi mstaafu wa taa za barabarani. Nimepanda nguzo usiku kwa miaka thelathini na moja, na muda wote huo mke wangu alilala peke yake. Nikitoka yeye anafunga mlango, nikirudi yeye anaufungua. Ndivyo tulivyolea watoto wanne. Binti yetu wa mwisho ametuletea gemu lenu la kuchezea kwenye televisheni ili tusikae tukitazamana tu. Sasa kila siku baada ya chakula cha mchana tunashusha mapazia na kutembea usiku katika mji wenu, wawili pamoja, kwa mara ya kwanza. Mimi nashika kidude cha kuongozea; yeye anavaa miwani na kunisomea maandishi, maana macho yangu yaliishia kwenye balbu. Nina furaha, sifichi. Lakini kila tukifika darajani mama watoto anavua miwani na kusema huko ni giza, turudi. Hii ni wiki ya saba. Bila yeye siwezi kusoma, na bila kusoma siwezi kuvuka. Nataka kuvuka na mke wangu. Kwa sababu hiyo naleta malalamiko yafuatayo:

1. Ng'ambo ya daraja kuna taa kumi na nane. Nimezihesabu kutoka upande huu, kwa mazoea. Inawaka moja, na hiyo nayo mpaka ijisikie.

2. Upande huu zinawaka, lakini nguzo tisa hazina waya unaoingia wala unaotoka. Huo umeme unatoka wapi? Kama ni wa wizi, mpelelezi mnaye, mtumieni.

3. Mpelelezi wenu anaruhusiwa kufungua kabati la mjane wa fundi saa aliyeuawa na kusoma barua zake za mapenzi. Mke wangu alinisomea mbili, ya tatu akakataa. Lakini kisanduku cha fyuzi chini ya nguzo hakifunguki. Nilipopewa pointi sita za kumwongezea ujuzi, niliambiwa nichague ushupavu, kumbukumbu au ulimi mtamu. Umeme haumo. Mtu atapelelezaje mji asioweza kuuwasha?

4. Muuza dawa anaapa kwamba alimwona muuaji wa fundi saa uso kwa uso, chini ya taa ya kona. Taa hiyo haina balbu. Mwenye macho haambiwi tazama. Nimemrudia mara kumi na moja ili nimweleze, na kila mara napewa majibu manne ya kuchagua, hakuna hata moja linalotaja balbu. Mke wangu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

5. Kutokana na hayo, nimefikia uamuzi kuhusu kesi yenyewe. Fundi saa aliuawa gizani. Giza lina mwenye dhamana, naye ni mkuu wa idara ya taa. Naomba aongezwe kwenye orodha ya washukiwa, na awe wa kwanza. Nasema hivi kwa uzoefu, kwani nimefanya kazi chini ya wakuu wa idara watano.

6. Akishakamatwa, nafasi yake itakuwa wazi. Mficha uchi hazai: naiomba mimi. Nahitaji ngazi ya mita nane, glavu za mpira, na kibali cha maandishi cha kufuatana na mke wangu kazini kila usiku. Kibali hicho niliwahi kukiomba kwa mwajiri wangu wa kweli, mwaka wa pili wa ndoa. Nilijibiwa kwamba kazi si harusi. Iliniuma, na bado inaniuma.

Naambatanisha mchoro wa nguzo zote, zenye taa zilizoungua nimezitia wino mwekundu. Wasalimieni wote hapo ofisini, wakubwa kwa wadogo, na hasa yule aliyetengeneza mvua, kwa kuwa ameifanya vizuri. Mjane naye mpeni pole.

Wenu, ninayesubiri upande huu wa daraja,

Fundi Mkuu wa Taa (Mstaafu)

Baada ya saini: Nimempa mama watoto aisome barua hii kabla sijaifunga. Ameisoma mara mbili, kisha akavua miwani. Anasema haogopi giza hata kidogo. Binti yetu alimnong'oneza tangu siku ya kwanza kwamba muuaji anakaa ng'ambo, na kwamba ukishamkamata kunapambazuka na gemu linaisha. Kwa hiyo naomba malalamiko yote hapo juu yafutwe, namba moja hadi sita. Kama mmeshamtuma fundi, tafadhali mrudisheni kabla hajafika. Sisi tunatoka kutembea upande huu saa nane mchana huu.