Siku Mamdogo Alipoulizwa Habari Zangu na Wenye Kazi

Leo nimepatikana, jamani. Niko kitandani nimejifunika khanga mpaka kichwani na masikio bado yanawaka. Acha niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa mtu wa Bunda.

Mnajua nilivyohangaika na kazi za ofisini. Kupokea wageni, kuchapa barua, kutunza mafaili, hayo ndiyo niliyosomea. Natuma CV, kimya. Natuma tena, kimya. Mpaka binamu yangu Rhobi (yeye ameajiriwa, kwa hiyo anajua kila kitu) akaisoma akaniambia, "Hii siyo CV, hii ni risala ya mahafali."

Tukaifumua. Ile picha niliyonuna, nje. "Napenda kusikiliza muziki", nje. Pale nilipoandika kwamba nilimsaidia mama mdogo kuuza dagaa, Rhobi akaweka: "Nilisimamia ghala, mauzo na kumbukumbu za wateja." Na siyo uongo, kila gunia lililotoka nilikuwaga naliandika.

Tukafika kwa wadhamini, wale watu wa kuulizwa habari zako. Wanatakiwa watatu, mimi nina wawili. Rhobi akasema, "Weka mamdogo. Si ndiye aliyekuwa bosi wako?" Nikamweka. Bi. Nyamumwi, Mkurugenzi, Biashara ya Mazao ya Ziwa, Makoko, Musoma. (Ana mizani na mwavuli. Sasa mkurugenzi ni nani kama siyo yeye?)

"Nimwambie?" nikauliza.

"Ya nini? Wadhamini hawapigiwagi."

Hayo maneno naomba yaandikwe kwenye kaburi la Rhobi.

Basi, leo asubuhi nimeingia kwenye usaili, kampuni ya pembejeo huko Manyamanyama, Bunda. Mezani wako watu watatu: mzee mwenye miwani ambaye ndiye mkuu wao, mama wa utumishi, na kaka wa uhasibu. Nilijibu mpaka nikajipenda. Mgeni akija bosi hayupo utafanyaje? Nikajibu. Faili likipotea? Nikajibu. Mzee anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi moyoni nishaanza kuchagua meza ya kukaa.

Mama wa utumishi akachukua simu ya ofisini. "Sisi tuna utaratibu, tunampigia mdhamini mmoja hapahapa, wote tusikie." Akapitisha kidole kwenye CV. "Tumpigie huyu Mkurugenzi."

Hapa inabidi niwaeleze kitu. Nina mchumba, anaitwa Wambura. Baba yake mkubwa anakaa hukohuko Bunda, na wiki hii yote alikuwa apige simu nyumbani kujitambulisha kwa mamdogo, maana ndiye aliyenilea. Mamdogo anakwenda na simu mpaka bafuni. Namba yoyote ngeni kwake ni wakwe.

Simu ikapokelewa. Nyuma kunasikika upepo na kelele za mwaloni, pale ufukweni wanapouzia dagaa.

"Tunapiga kutoka Bunda," mama wa utumishi akasema. "Tuko na Nyangeta hapa. Ametuambia wewe ndiye unayemfahamu vizuri. Tunafikiria kumchukua, ila tuna maswali machache."

Nikamsikia mamdogo akiwaambia wenzake, "Nyamazeni, ni wakwe." Akarudi kwenye simu na sauti ya kanisani. "Karibuni sana wazee wangu. Tulikuwa tunawasubiri."

Nikasema, "Samahani, naomba niongee naye kidogo." Mama wa utumishi akaniinulia mkono. "Mwache mdhamini ajibu."

"Umekuwa naye muda gani?"

"Tangu anaota meno."

Mzee akapandisha miwani.

"Utendaji wake wa kazi ukoje?"

"Anafua, anaanika dagaa, anapika. Ugali wake zamani ulikuwaga na madonge, sitawadanganya, ila sasa umekaa sawa."

"Anaweza kufanya kazi kwa presha?"

"Presha hana. Hiyo ni ya mama yake, na imempata ukubwani. Ukoo wetu hauna magonjwa, ulizeni kokote."

Kaka wa uhasibu akainama kutafuta kalamu chini ya meza. Kalamu alikuwa ameishika mkononi.

"Kwa nini aliondoka kwako?"

"Hajaondoka. Si nyie ndio mnamwondoa?"

Mama wa utumishi sasa anauma midomo, lakini anaendelea. "Udhaifu wake ni upi?"

Mamdogo akashusha pumzi. "Anakoroma. Siyo sana. Ukimgeuza ubavu ananyamaza."

Nilitamani sakafu ipasuke. Mzee amevua miwani anafuta macho. Akaisogelea simu, akauliza mwenyewe, "Mama, na sisi tukimchukua, mnategemea nini kutoka kwetu?"

"Mzee wangu, mambo ya ng'ombe hatuongelei kwenye simu. Njooni Jumamosi, mjomba wake atatoka Butiama. Ila msije na mbuzi. Huyu kasomeshwa. Kwani Wambura hapo yupo?"

"Wambura ndiye nani?"

Ile sauti ya kanisani ikakatika.

"Kwani nyie mnamchukulia nani?"

"Ofisi, mama," mzee akasema kwa upole.

"Ofisi nzima?"

Jamani. Kaka wa uhasibu alitoka nje anakimbia. Mama wa utumishi aliweka kichwa juu ya CV yangu akalia kwa kucheka. Mimi nilibaki nimekaa wima, mikono mapajani, kama niko kwenye msiba wangu.

Mzee alipopata sauti, akaniuliza huyo mama ni mkurugenzi wa nini. Nikasema ukweli: dagaa. Akaitazama CV, akanitazama mimi. "Kila mdhamini tunayempigia hapa anatusifia mtu kama malaika. Huyu ametuambia mpaka ya kukoroma. Jumatatu njoo uanze."

Nimetoka pale miguu haigusi chini. Kazi nimepata! Nimefika stendi naruka ruka peke yangu, simu ikalia. Wambura.

"Nyangeta, mmemfanya nini baba mkubwa?"

Kumbe baada ya ofisi kukata, baba mkubwa wa kweli naye akapiga. Akajitambulisha vizuri, kwamba anapiga kutoka Bunda, kuhusu Nyangeta. Mamdogo akamwambia hana binti wa kugawia maofisi, kama wanataka mfanyakazi wakatangaze redioni. Akakata.

Mzee wa watu amenuna, anasema hapigi tena. Rhobi namtafuta, simu amezima.

Wewe unayeandika CV muda huu, usinicheke, nisikilize. Mdhamini wako mwambie mapema. Na umwambie ni ya kazi.