Neno la Kizungu Kwenye Matanga ya Mzee Alois

Leo nimejivua nguo mbele ya watu, ndugu zangu. Mchana kweupe, hapa Katindiuka, mbele ya wazee, mbele ya kina mama, na mbele ya mtu ambaye nilitaka aniite mkwe. Nawaandikia nyinyi mliosoma nami kabla habari hazijawafikia kwa mdomo wa mwingine. Zikija kwa njia hiyo zitatiwa chumvi, na hazihitaji.

Mnajua kwamba mwezi uliopita mjomba wangu alipeleka posa kwa Mzee Damiani, kumposa binti yake Filomena. Mzee akasema atafikiri. Akafikiri. Akiwa bado anafikiri, akafiwa na kaka yake, Mzee Alois, aliyekuwa mnyapara kwa miaka mingi kwenye shamba moja la mkonge huko Kilosa. Jibu langu likawekwa kando. Mtu hawezi kwenda msibani kuulizia mchumba. (Nililiwaza, sikatai.)

Leo ilikuwa siku ya kuondoa matanga. Jana jioni Mzee Damiani alinifuata kiwandani, pale tunapochambua pamba, nilipo karani. Akaniambia, "Karani, imekuja barua ya Kizungu kutoka kwa yule bwana wa mkonge. Kesho njoo utusomee, watu wote wasikie."

Nikajua huu ndio mtihani wangu. Asubuhi nikavaa kaptula nyeupe iliyonyooka kwa pasi, soksi ndefu, viatu vinavyong'aa. Nikabeba na kamusi kwapani. Si kwa kuitumia. Kwa kuonekana nayo!

Nilipofika nikawaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo zangu zote sawasawa, nikatoa pole, kisha nikasimama katikati ya uwanja nikasoma. Barua ilikuwa fupi. Bwana yule alisema amesikitika kupata habari za "demise" ya mnyapara wake wa zamani, na anaipa pole familia. Nikatafsiri. Kama ningekaa chini wakati huo, leo nisingekuwa na la kuwaandikia.

Mama Skolastika, mjane wa marehemu, akainua kichwa. "Mwanangu, ametumia neno gani hasa? Ameandika kwamba mume wangu amekufa?"

Swali zito hilo. Alisema kule mkonge ng'ombe alikufa, trekta ilikufa, na mtu naye alikufa, wote kwa neno moja. Alitaka kujua kama mumewe, baada ya kuitumikia kazi ile hadi mguu ukalemaa, alipewa neno la mtu. Nilimwonea huruma kwa kweli.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Neno la kufa wanalo, la kila siku, hata kuku anakufa nalo. Hakulitumia. Ameandika dimaizi. Hilo ni neno la ofisini, la barua zenye muhuri. Mzungu mwenyewe halisemi akiwa jikoni kwake. Mbuzi hawezi kuandikiwa dimaizi."

"Na kambale je?" mzee mmoja akauliza.

"Hata kambale, mzee."

"Na tembo?"

Hapo nilifikiri kidogo. "Hata tembo."

Watu wakaguna kwa heshima. Mama Skolastika akafuta macho kwa ncha ya kanga, akasema taratibu, "Basi wamemheshimu." Kazi ilikuwa imekwisha, na imekwisha vizuri. Ningekaa chini!

Lakini nilimwona Filomena mlangoni pa jiko, ungo mkononi, ameacha kupepeta ananisikiliza. Basi nikafungua kamusi. Nikawaeleza matumizi. Kwamba neno hili humfaa mfalme, na jaji, na mnyapara kama Mzee Alois. Kwamba humfaa pia kitu kikubwa kinachofikia mwisho wake, kwa mfano utawala. (Hapo wazee wawili wakatazamana, mmoja akaomba nilirudie polepole.) Sauti yangu ilipanda. Nilijipenda, ndugu zangu.

Mzee Damiani, ambaye si mtu wa kucheka ovyo, akaniuliza, "Sasa karani, nifahamishe. Mtu akishaandikiwa neno hilo, ndiyo amekwenda moja kwa moja?"

"Moja kwa moja, baba." (Nilimwita baba. Hakukataa.) "Mtu akishaandikiwa dimaizi, tena kwa mashine ya chapa, harudi."

Nyuma yangu mtu akakohoa.

Jamani, kikohozi kile! Kila mtu wa hapa anakijua. Mara mbili kavu, halafu "ehee!" ya kumalizia. Nikageuka. Kwenye pembe ya nyumba amesimama Mzee Alois. Koti lake la kaki la unyapara. Kofia yake pana imeshuka hadi puani. Mguu wake wa kushoto anaukokota vilevile. Akaninyooshea fimbo yake.

"Wewe karani! Nani amekupa ruhusa ya kuniandika?"

Sikuaga. Nilipita katikati ya kina mama, nikaruka sufuria ya wali, nikakanyaga mpunga ulioanikwa, nikaingia shambani, tope hadi magotini. Kiatu kimoja kipo huko mpaka sasa. Kamusi niliirusha, na wapo wanaoapa kwamba nilimlenga marehemu. Kiingereza chote kilinitoka. Kina mama wanasema nilikuwa napiga kelele kwa lugha ya nyumbani, nikimwita mama yangu aje anichukue.

Nilipoanguka ndipo nikasikia kicheko. Msiba mzima unacheka. Mama Skolastika amekaa chini kabisa, ameshika mbavu, machozi yanamtoka ya aina nyingine.

Alikuwa Lukasi. Mtani wa marehemu, amevuka mto asubuhi. Nyinyi mnaijua desturi yetu: siku ya kuondoa matanga mtani huvaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake na kikohozi chake, ili wafiwa wacheke na roho zao zitulie. Nimeyaona hayo tangu nikiwa mgongoni. Kila mtu pale uwanjani alikuwa anamngoja Lukasi atokee. Kila mtu, isipokuwa mwenye kamusi.

Yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kunivuta topeni, kofia bado kichwani. "Inuka, karani," akasema. "Nimerudi mara moja tu, kama barua inaniruhusu."

Nikanawishwa miguu, nikapewa wali na perege. Nilikula bila kuinua macho. Niliona wazi kwamba Filomena nimemkosa, na iliniuma, ndugu zangu, iliniuma kuliko ile aibu. Kisha nikasikia Mzee Damiani anamwita mjomba wangu mbele ya ukoo wote.

"Jibu nililokuwa nafikiri nimelipata," akasema. "Kijana huyu alinitia shaka. Anajua kila kitu. Nami nikasema, mtu anayejua kila kitu haogopi kitu, na asiyeogopa kitu hufa mapema. Sitaki binti yangu awe mjane kama shemeji yangu huyu." Akanitazama miguu. "Leo nimeziona mbio zake. Huyu ataishi sana. Leteni wazee wenu tuzungumze."

Uwanja ukalipuka upya. Filomena akajificha nyuma ya ungo, mabega yanamtikisika.

Kwa hiyo nimekubaliwa, ndugu zangu, si kwa elimu, kwa mbio. Chekeni sasa hivi huko mliko, mmalize kabisa, ili siku ya arusi mje na nyuso za heshima.