Daktari wa Ncha za Njano

Robinson alikuwa dereva, na ikama yake, kibali cha kuishi Saudia, ilisema hivyo bila kumung'unya maneno. Kazi yake mtaani Suwaidi, Riyadh, ilikuwa kumpeleka madam sokoni, kumrudisha, na katikati ya safari kukaa garini akijisifu moyoni. Ukikaa peke yako ukijisifu kila siku, mwishowe unajiamini.

Siku ya kujiamini ilifika mwaka wa 2015. Madam alitoka nje amekumbatia chungu cha mrehani, uso umemshuka kama aliyefiwa. Ncha za majani zilikuwa zimegeuka njano. Robinson hakuwahi kupanda hata kitunguu, lakini alichuma jani moja, akaligeuza, akalinusa, akaguna.

"Madam, huu ni ugonjwa wa ncha. Mimi kwetu nilikuwa injinia wa mimea. Dawa iko."

Dawa haikuwepo. Kwa kuwa hakutaka kununua chochote, alikinga maji yaliyodondoka kwenye AC ya chumba chake, akatia majani ya chai yapate rangi ya kuheshimika, akajaza chupa. Sharti likawa moja tu: maji ya bomba mafi, hakuna kabisa. Baada ya wiki tatu mrehani ukachipua upya. Ukweli ni kwamba maji ya bomba yalikuwa na chumvi na ya AC hayana, lakini Robinson hakulijua hilo. Aliamini ni mkono wake.

Shemeji za madam wakasikia, na majirani wao pia. Hapo Robinson akajitungia desturi aliyoipenda kuliko zote: kuandika cheti. Kila mmea mgonjwa ulipata karatasi yenye jina la ugonjwa, kipimo cha dawa, sahihi na nambari yake ya simu. Daktari asiyeandika, alijiambia, atatofautianaje na dereva?

Kiangazi kilipokolea, familia nzima ilihamia Jeddah, kwenye nyumba ya bibi yao huko Al-Hamra. Robinson angeenda likizo Kenya kutoka huko, siku ya Alhamisi. Sanduku lake lilikuwa tayari, na nusu yake ilikuwa blanketi moja la kilo sita lenye picha ya simba wawili. Mama yake, Keziah, alikuwa amewatangazia akina mama wote wa kanisa kwamba blanketi linakuja, na kila akipiga simu aliuliza simba wanatazama upande gani. Robinson alimpenda mama yake na alimwogopa. Kila asubuhi alifungua sanduku, akalipapasa blanketi, akafunga.

Nyumba hiyo ilitunzwa na Rosebellah, mwanamke wa Kakamega mwenye miaka minne Jeddah na maneno machache.

"Injinia," alimwambia Jumanne, "nasikia unatibu. Niko na mimea yangu kwa roof, ncha zimekuwa yellow."

Walipanda. Kulikuwa na makopo tisa ya samli, na katika kila kopo mmea umesimama wima. Robinson aliinama, akaguna kama kawaida, akaandika cheti kabla hata ya kutazama vizuri: *Ugonjwa wa ncha. Dawa kikombe kimoja asubuhi. Iachwe ikue vizuri. Inj. Robinson.* Akampa. Ndipo akalishika jani.

Jani lilikuwa na vidole vitano. Robinson alikuwa ameliona jani hilo kwenye fulana za vijana wa Umoja, Nairobi, alikokulia, na hao vijana hawakuwa wakulima. Akilini mwake likaja neno moja: bangi.

"Rosebellah, hii ni nini?"

"Mboga."

"Mboga," Robinson alirudia, akimkonyeza.

"Eeh. Mbegu nilitoa nyumbani, nikaficha kwa soksi."

"Ukapita nazo airport."

"Si wangeninyang'anya? Nakula na wasichana wa nyumba zile zingine. Tukikosa hii, hata usingizi hatupati."

Hofu ilimtoka Robinson polepole, na tamaa ikaketi palepale ilipokuwa hofu. Alimwuliza kama naye amenunua blanketi la kupeleka nyumbani. Rosebellah akasema analo, la maua.

"Dada yangu, hapa wakikupata na hii kitu, huendi jela, unaenda tu. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Lakini kunyamaza kuna ada."

Mama angepata mablanketi mawili. Kanisa lingezimia.

Rosebellah aliutazama mmea, akamtazama Robinson, akautazama mmea tena. Midomo ilimtetemeka, akageukia ukuta. Robinson alimhurumia kidogo, kwani alidhani analia.

"Nipe mpaka kesho," Rosebellah akasema.

Kesho yake alimkuta jikoni, cheti kimelala mezani mbele yake.

"Injinia, nimefikiria. Nikishikwa, nitashikwa na hii karatasi. 'Iachwe ikue vizuri.' Hii ni handwriting ya nani? Namba ya nani? Wataniuliza mkubwa wetu ni nani."

Robinson alinyoosha mkono kuichukua, Rosebellah akaivuta kwake.

"Na ikama yako inasema dereva. Kafili aliyekuleta huku atauliza injinia alitoka wapi."

"Rudisha karatasi, dada."

"Kurudisha kuna ada."

Robinson alilibeba blanketi lake kichwani mwenyewe, kutoka chumba cha dereva hadi chumba cha Rosebellah, na simba wote wawili wakamtazama njia nzima. Alipewa karatasi imekunjwa mara nne, akaisokomeza ndani ya soksi bila kuifungua. Juu ya hayo akapewa mkebe wa chakula cha safari. "Nimekufungia ugali," Rosebellah alisema kwa upole uliomuumiza kuliko hasara.

Alhamisi mchana, kwenye viti vya uwanja wa ndege, njaa ilimshinda akafungua mkebe. Jirani yake, mlinzi mmoja wa Kisii aitwaye Hezron, alinyoosha shingo.

"Bro, hiyo ni saga ama pua inanidanganya?"

"Ni nini?"

"Saga. Mgagani. Ya maziwa kabisa."

Robinson alionja. Alikuwa ameila mboga hiyo kwa mama yake tangu aote meno, lakini huko Umoja ilifika ikiwa imeshachambuliwa. Aliijua ikiwa sahanini tu.

"Na ikiwa bado shambani," aliuliza taratibu, "jani liko aje?"

Hezron alinyanyua mkono, akatanua vidole vitano.

Robinson aliinama, akaitoa karatasi kwenye soksi, akaikunjua. Mbegu ndogo nyeusi zilimwagika mapajani. Chini ya sahihi yake palikuwa na mwandiko mwingine: *Mpelekee mama apande. Ada ya kunyamaza imelipwa.* Alicheka mpaka Hezron akasogea kiti kimoja, na kicheko kilipoisha macho yake yalikuwa na maji. Akaanza kuziokota mbegu moja moja, akizirudisha ndani ya soksi.

Simu ikalia. Alikuwa mama.

"Robinson, tuko hapa na akina mama wote, nimeweka simu wakusikie. Waambie, hao simba wanatazama wapi?"

Robinson alimeza mboga.

"Kakamega, mama," akasema. "Wanatazama Kakamega."