Darasa Langu la Kupenda Maadui

Jumapili, 3 Agosti 1947

Habari kubwa hapa Mtopanga! Baada ya ibada imetangazwa kwamba Padri Mkuu atatutembelea Jumapili ijayo, na siku hiyohiyo atamteua Mkuu wa Shule ya Jumapili. Mkuu hupewa baiskeli ya misheni na kiti chenye mikono mbele ya kanisa. Tunaofikiriwa ni wawili. Mimi, Ngumbao, mwalimu wa watoto wadogo kwa miaka sita. Na Erastus Mutua, karani kutoka Ukambani, aliyefika juzi tu, anafundisha wakubwa, na huvuta soksi hadi magotini. Padri Mkuu atayapima madarasa yetu kwa somo moja: kupenda maadui.

Erastus amenishika mkono mbele ya watu akasema ananitakia heri. Mnafiki!

Jumatatu, 4 Agosti

Mpango umepatikana. Erastus atawakaririsha watoto wake maneno, kama kawaida yake. Wangu watatenda! Kila mtoto atasimama kanisani, atamwendea adui yake na kumpa chakula. Padri Mkuu atatokwa na machozi, na mimi nitapanda baiskeli.

Nimemsimulia mke wangu, Kafedha. Kaniuliza mimi nitampa Erastus chakula gani. Nimemweleza kwamba hili ni somo la watoto. Kacheka mpaka akaweka ungo chini.

Jumanne, 5 Agosti

Kikwazo. Watoto wangu hawana maadui! Asubuhi wanapigana, adhuhuri wanagawana chungwa. Nimewauliza mmojammoja. Mmoja kasema adui yake ni Shetani. Nitampelekeaje Shetani kitumbua kanisani? Mwingine kasema ni Mjerumani. Nimemkumbusha kwamba vita vimekwisha.

Nimewaamuru kila mmoja atafute adui kabla ya kesho jioni, na aje na chakula chake.

Jumatano, 6 Agosti

Zoezi la kwanza. Watoto kumi na mmoja wamemchagua Kazungu, mtoto wa mgema, ambaye huwapiga wote bila upendeleo. Kazungu kakaa ukumbini mwa kanisa akala vitumbua kumi na kimoja. Havikuwa na sukari, maana sukari bado ni ya kadi ya mgawo, lakini alikula kama bwana harusi. Wenzake walimtazama kwa ukimya mkubwa. Somo limewagusa!

Alhamisi, 7 Agosti

Limewagusa kupita kiasi. Wote wameona kwamba adui ndiye anayekula. Sasa kila mtoto anataka kuwa adui. Tangu alfajiri wanamwagiana mchanga vichwani, kisha wanaulizana kwa upole kama inatosha. Mmoja kafungulia mbuzi wa jirani akasimama palepale akingoja kuonekana. Kazungu, kwa hofu ya kupoteza cheo, kawapiga wanne kabla ya chai.

Kina mama watatu wamekuja kwangu wameshika viuno. Nimewaambia kazi ya Mungu haikosi majaribu. Mmoja kasema jaribu ni mimi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimetumia fimbo. Wote kumi na tisa, ili nisionekane nina upendeleo. Kisha nimewanyang'anya vyakula vyote, na kwa kuwa vingeharibika, nimevila.

Mbeyu, mdogo kuliko wote, ana kigugumizi. Alikuja na chungwa moja. Nililichukua, nikamtaka asome kwa sauti, akakwama kwenye neno la kwanza. Nikamwigiza kidogo ili darasa lichangamke. Hakuna aliyecheka. Watoto hawa hawana ucheshi kabisa.

Nimetoa sheria mpya. Ugomvi wa wiki hii wao kwa wao hauhesabiwi. Adui wa Jumapili lazima awe mtu aliyekutoa machozi bila kosa lako, na lazima awepo kanisani. Niliwaona wakitazamana. Wameelewa!

Jumamosi, 9 Agosti

Utulivu wa ajabu. Hakuna aliyepiga wala kupigwa. Nimewapita njiani wamebeba mihogo, wakaniamkia shikamoo kwa heshima zote. Nimemwahidi Kafedha kwamba nitampakia kwenye baiskeli hadi darajani.

Jioni nimekutana na wanafunzi wa Erastus kisimani. Nimewadokeza kwamba Padri Mkuu atawauliza habari za safina ya Nuhu. Si uongo. Huenda angeuliza.

Jumapili, 10 Agosti

Siandiki kwa raha.

Darasa la Erastus lilianza. Padri Mkuu kauliza kumpenda adui maana yake nini. Mvulana mkubwa kajibu kwamba ni mikono mia tatu kwa urefu na hamsini kwa upana. Kanisa likaangua kicheko, na aliyecheka zaidi ni mimi. Padri kauliza nani aliyewafundisha hivyo. Yule mvulana kaninyooshea kidole! Lakini Erastus kasimama upesi, kasema bila shaka Mwalimu Ngumbao alitaka kuwasaidia kusoma zaidi, naye ananishukuru. Ujanja wa hali ya juu. Watu wakaguna kwa kumsifu.

Likaja langu. Nikawaambia watoto, kwa sauti nzito, waende kwa maadui zao. Wakainuka wote. Nilitazamia watawanyike kanisa zima. Wakapanga mstari mmoja, wakaja kwangu.

Mayai. Mihogo. Dafu. Kazungu kanipa kuku hai! Mbeyu alikuja wa mwisho na chungwa. Padri Mkuu kainama, kamuuliza kwa nini amemchagua mwalimu wake. Mtoto alikwama muda mrefu, na kanisa zima likamngoja. Hatimaye akasema nilimwigiza anavyosema, na kwamba kila siku anamwomba Mungu amsaidie asinichukie.

Nilipata moto kuanzia shingoni hadi masikioni. Niliona aibu, naiandika hapa kwa kuwa hapa hapasomwi. Nilitaka kumwambia neno, lakini mikono ilikuwa imejaa mayai na kuku alikuwa akinipiga mabawa.

Erastus ndiye Mkuu.

Jumatatu, 11 Agosti

Kafedha kasema niende kwa kina Mbeyu nikaombe radhi, si mbali, ni nyumba ya nne. Nitakwenda. Si leo.

Leo nimetafakari, nikagundua jambo ambalo Padri Mkuu hakuliona kwa sababu ya umri. Watoto kumi na tisa walikuwa na kanisa zima la kuchagua, wakampenda mtu mmoja tu. Mimi! Erastus hakupata hata ganda la yai. Nani basi aliyefundisha somo hili vizuri zaidi?

Nimemwandikia Padri Mkuu barua ya kurasa tatu, nikimwomba arudi baada ya mwezi. Wakati huo nitakuwa nimelishughulikia na darasa la Erastus. Wale wakubwa hawajawahi kunichukia hata kidogo, masikini, sasa watawezaje kunipenda? Jumatano Erastus yuko kazini mpaka jioni, nami nimejitolea kumshikia darasa. Kakubali kwa furaha.

Fimbo mbili zimekwishakatwa.