Nzi Asiye na Manyoya Ubavuni

Jumanne, 8 Aprili

Bado naisikia. Sauti nyembamba, ya juu, kama uzi unaovutwa bila kukatika, imening'inia hewani juu ya vichaka vya rozmari nyuma ya nyumba. Nzi-nyuki wote huvuma. Ni nzi waliojivika manyoya wakajifanya nyuki, na mimi nimewasikiliza tangu nikiwa chuoni Évora. Lakini huyu alivuma kwa sauti ambayo sijapata kuisikia. Nilirusha wavu mara moja tu. Nikampata!

Hapa mkoani Alentejo tuna aina mbili zinazofanana kama mapacha. Mmoja ana manyoya meusi ubavuni, mwingine meupe. Huyu wangu hana kabisa. Ubavu mtupu, unang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Vitabu vyangu vyote havimtaji. Maana yake ni moja: aina mpya. Nimeigundua mimi, katika bustani ya shangazi yangu!

Shangazi Deolinda aliuliza kama nimenawa mikono. Nikamwambia historia hainawi mikono. Akasema basi historia isiguse mkate wake.

Jumatano, 9 Aprili

Kikwazo. Katika kazi yetu ya kuchunguza wadudu mtu hajipi jina. Hakuna sheria inayokataza, lakini anayempa mdudu jina lake mwenyewe huchekwa mpaka kaburini. Lazima mwingine akupe. Nimelala chali asubuhi nzima nikimtafuta huyo mwingine. Karibu hapa ni mmoja tu anayeweza kuandika maelezo ya aina mpya: Gaspar Rebocho. Gaspar! Tulisoma darasa moja. Mwaka jana, mbele ya watu, alinisahihisha juu ya mguu wa mbu. (Alikuwa sahihi. Hilo si hoja.)

Mpango: nitampa nzi bure, kwa unyenyekevu. Shukrani zitambana mpaka ampe jina langu. Violante. Nimeliandika kwenye kipande cha karatasi nikalitazama kwa mbali. Linapendeza.

Ijumaa, 11 Aprili

Gaspar alikuja kula mchana. Shangazi alipika supu ya mkate, yenye kitunguu saumu na giligilani, na yai juu. Nilimwambia Gaspar kwamba huyu nzi amenishinda. Alicheka, "Kumbe siku hii ipo, msomi wetu!" Kisha akainama kwenye kioo cha kukuzia, na hakucheka tena. Alitazama, akatazama, supu ikapoa. Akasema ni mpya, hana shaka, na kesho atamtangaza kwenye mkutano wa wapenzi wa wadudu kule Beja.

Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, atamwita nani. Akafuta sahani kwa mkate. Akasema: "Deolinda."

Kwa sababu ya supu!

Shangazi alishika kiuno, akauliza amemkosea nani mpaka nzi apewe jina lake. Baada ya hapo akamwongezea Gaspar sahani ya pili. Mimi hakuniongezea.

Jumamosi, 12 Aprili

Asubuhi nilinasa nzi wa kawaida, mwenye manyoya meusi ubavuni, amefura kama paka aliyekasirika. Nia: nimweke kando ya yule mpya, watu waone tofauti, waulize nani aliyemgundua kwanza. Nilimtia chupani akiwa hai, pamoja na vijiti vya rozmari, nikaipakata ndani ya gari la Gaspar. Barabara ile ni mashimo matupu. Shangazi alikaa mbele, amevaa hereni zake za harusi.

Tulipofika nikatazama chupa. Ubavu mtupu. Unang'aa. Na chini ya chupa, manyoya meusi, kama kinyozi ameondoka sasa hivi.

Nikaelewa. Nzi wangu mpya ni nzi mzee tu, aliyeacha manyoya yake vichakani!

Gaspar alikuwa tayari mbele ya ukumbi, anasafisha koo. Ningeweza kunyamaza, na aibu ingekuwa yake peke yake. Lakini je, kama hakuna atakayegundua? Deolinda angeingia vitabuni. Mimi ningekula chakula cha jioni kila siku nikitazamana na mwenye nzi. Nikasimama. Nikainua chupa. Nikasema yote.

Ukumbi uliangua kicheko. Dokta Amílcar, mkubwa wetu katika mambo ya nzi, akapapasa upara wake, akasema kumbe hata yeye ni aina mpya. Gaspar aliiva uso kama nyanya, lakini alinishika mkono: "Umeniokoa, dada." Dokta akasema ukweli wa namna hii ni adimu, na siku akipatikana nzi mpya wa kweli, angependa abebe jina la binti huyu. Wakapiga makofi. Niliyapokea yote. Sikuona haja ya kutaja supu.

Wakati wa kurudi Shangazi alivua hereni. Akasema alikuwa ameanza kumzoea nzi wake.

Jumatatu, 14 Aprili

Ile sauti tena! Safari hii nzito zaidi, yenye kukwaruza. Nimemnasa. Manyoya yote yapo, nimekagua na kukagua tena. Mimi si mjinga. Ila mabawa! Kingo zake zimechanika-chanika kwa ustadi, kama lesi, na la kushoto ni fupi kuliko la kulia. Hakuna kitabu kinachotaja nzi-nyuki mwenye mabawa ya lesi. Shangazi alimtazama akasema huyo ametoka mdomoni mwa paka. Ana wivu. Namwelewa, amefiwa na nzi.

Safari hii sikumhusisha Gaspar, wala sikungoja mkutano. Nimekwisha kumtuma kwa posta kwa Dokta Amílcar, ndani ya kisanduku chenye pamba. Kwenye kibandiko, mahali pa jina, nimepaacha wazi. Nimepaacha kwa upana wa jina langu kamili. Nilipima kwa rula.