Mshenga na Filamu ya Roketi

Jumapili hiyo Fredrick aliandika kwa chaki mlangoni pa kibanda umiza chake cha kuonyeshea video kwamba mechi haitaonyeshwa. Badala yake, saa kumi, inarudiwa ile filamu ya roketi na mapenzi, kwa maombi ya watu. Ilikuwa mara ya nne wiki hiyo. Mtaa wa Mtoni hakuna mtu aliyewahi kuona mpira unayapisha mapenzi, na ng'ambo ya barabara, barazani kwa Muhsin muuza duka, vikombe vya kahawa vilisahaulika mikononi.

Aliyeumia zaidi ni Wilbert, ambaye kijiwe kizima kinamwita Ticha Sayansi. Anafundisha fizikia sekondari, na ukimuuliza saa atakueleza kwanza kwa nini dunia inazunguka. Akasema ni aibu. Mataifa mawili makubwa yamekesha miaka yanashindana nani atatangulia mwezini, wamekufa watu, wamelala na njaa wanahesabu, halafu filamu nzima inawapa dakika tano. Zilizobaki zote ni dada mshona nguo za wanaanga na kaka wa redio wanatazamana kwenye korido. Na huyo dijei anayeitafsiri kwa Kiswahili naye ni janga lingine. Amewaambia watu kuwa mwezini ni mbali kama kwenda Chamazi mara tatu siku ya foleni.

"Kwani uongo?" Muhsin aliuliza.

Akamwambia kwamba yeye binafsi ameiona mara mbili na leo anafunga duka mapema aende ya tatu. Roketi haimhusu. Baba yake na babu yake wameuza unga na sabuni kwenye duka hilihili, hakuna aliyewahi kuulizwa maoni yake kuhusu mwezi. Kinachomkosha ni kitu kimoja.

"Ticha, tazama. Wakubwa wanataka kufika mwezini, na hela zote za dunia wanazo. Hawa wawili wanataka kuvuka korido moja tu wasalimiane, na hawawezi. Mie nikitoka pale roho yangu nyeupe. Nikifika nyumbani hata mke wangu nampokea kapu."

Watu wakacheka. Ticha akasema huo si uchambuzi, huo ni ugonjwa. Lakini alipoanza kusahihisha sehemu ile ya mwisho alijisahau akaeleza mpaka rangi ya gauni la dada, na ikajulikana kuwa naye ameiona mara tatu. Alijitetea kuwa alikuwa anatafuta makosa.

Kwenye ncha ya benchi alikaa Kondo, fundi friji wa Chang'ombe, jina la kijiweni Gesi. Mtu anayependa soga kama yeye leo alikuwa hachangii hata neno. Filamu hajaiona, usingizi wenyewe wiki hii hajauona. Alhamisi barua yake ya posa ilipelekwa Chamazi kwa Mzee Khalfani, kumposa binti yake Huda, na majibu yalikuwa yaje leo baada ya alasiri. Alasiri ilishaswaliwa. Kila bajaji iliyopunguza mwendo mbele ya duka ilimfanya Kondo ainue shingo. Alikuwa anampenda yule binti, hapakuwa na namna nyingine ya kulisema.

Mshenga wake alikuwa palepale kijiweni, ametulia kabisa, anatafuna kashata. Mzee Jamali, wao humwita Balozi. Ameposea nusu ya vijana wa mtaa huo na hajawahi kurudishiwa barua hata moja. Ulimi wake una asali, na yeye mwenyewe anajua, ndiyo maana huwa hajiandai.

Balozi akaamua kumaliza ubishi. Aliwaambia wote wawili hawajagusa penyewe. Penyewe ni pale kaka wa redio anapowasha taa ya mnara wa roketi kila jioni, anavunja amri za wakubwa zake, ili yule dada akitoka kushona aione njia ya kwenda kwao. Hamwambii. Anawasha tu.

"Pale hata mwenye moyo wa jiwe anayeyuka," alisema. "Mie mwenyewe nilipoisema kule Chamazi, Mzee Khalfani alinyamaza kimya."

Kondo aligeuka polepole.

"Uliisema kule Chamazi ukiwa unaongelea nini, mzee wangu?"

Balozi akaacha kutafuna. Alijaribu kuagiza kahawa nyingine, Muhsin akamnyima. Basi ikabidi aseme. Kumbe Alhamisi alipitia kwanza kwa Fredrick, filamu ikamkolea, akatoka hapo moja kwa moja na barua mfukoni. Walipofika kwenye swali ambalo kila mshenga huulizwa, kijana wenu ana sifa gani, akakuta kichwani mwake hamna Kondo, mmejaa kaka wa redio. Akawaambia wazee wa watu kwamba kijana huyu, jioni kwa jioni, huwasha taa ya karakana yake ili binti yao akipita aione njia.

"Huda anakaa Chamazi," Kondo alisema. "Mie niko Chang'ombe. Apite kwangu anakwenda wapi?"

"Hawakuuliza."

Ticha, ambaye hesabu ndiyo kazi yake, akauliza kama kuna mtu anakumbuka Jumatano nani alikaa mstari wa mbele kwa Fredrick na mtandio wa zambarau. Muhsin alishika kichwa. Huyo alikuwa Bi Wahiba, shangazi yake Huda, ametoka Chamazi na shemeji zake watatu. Filamu ile ilikuwa imetazamwa na ukoo mzima.

Mwaka mzima Kondo alikuwa anajipanga kwa siku hii. Alitaka kumlaumu mzee na heshima ikamzuia, akabaki anakikodolea kikombe chake.

Ndipo bajaji ikasimama. Akashuka Bi Wahiba mwenyewe, na mtandio wake uleule. Wote wakasimama, shikamoo zikapishana. Aliitikia, akakataa kiti, akamtazama Balozi mpaka Balozi akaanza kukung'uta makombo ya kashata kwenye kanzu.

"Kaka yangu kanituma, maana mshenga hatukuona sababu ya kumwita," alisema. "Siku ile kaka alinyamaza kwa sababu mie nilikuwa nyuma ya pazia namalizia maneno yako kabla wewe hujayasema. Barua ilikuwa irudi siku hiyohiyo. Mtu anayeanza ndoa kwa uongo wa kukodi, ndani atatuletea nini?"

Kondo alikuwa ameinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba amesikia, na kwamba amwombee radhi kwa wazee.

"Tulia basi, sijamaliza. Aliyezuia ni Huda. Aliniita chumbani akanambia, shangazi, mie taa sijawashiwa na mtu. Lakini mwezi wa Ramadhani friji letu lilizima mara tatu, na huyu fundi aliitwa mara tatu. Fundi mwingine angetuuzia kompresa mpya. Yeye kila mara alisema friji ni zima, limechomoka waya, akachomeka, akaaga. Hata nauli hakuchukua."

Kondo alikumbuka. Alishangaa sana wakati ule, waya gani unachomoka kila wiki.

"Nikamuuliza, na nani alikuwa anauchomoa?" Bi Wahiba akajifunika mdomo kwa mtandio. "Akaangalia chini. Basi nikamweleza kaka, akacheka mpaka akakohoa. Kijana tumemkubali. Mshenga tumemkataa. Mleteni mwingine kesho tupange mahari, na awe mtu ambaye hiyo filamu hajaiona kabisa, maana uongo wa safari ya pili hatuvumilii."

Kondo alikaa chini bila kutaka. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

Furaha ikapigwa breki na hesabu. Muhsin ameiona. Ticha mara tatu. Walitaja mafundi, wauza samaki, mpaka mwalimu wa madrasa, ambaye Ticha alimwona kwa macho yake akiwa amejificha nyuma ya spika. Mtoni nzima wasioiona walipatikana wagonjwa na maiti tu.

"Fredrick," Balozi alisema kwa unyonge. "Yeye hushinda mlangoni anakata tiketi. Hajawahi kuingia ndani."

Wakavuka barabara wote. Fredrick aliwasikiliza huku anakata tiketi za watu, akasema yeye ni mtu wa bara, tena Mkristo, mila za huku hazijui na maneno matamu hana. Bi Wahiba alisema hilo ndilo wanalolitaka, akalipa kiingilio chake, akawahi kiti.

"Sawa," Fredrick alimwambia Kondo. "Nikifika huko niseme nini?"

"Sema mie natengeneza friji," Kondo alijibu. "Halafu nyamaza."